Tangu Pingamizi Atolewe Nyongo

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea kibanda cha fundi viatu, pale lami inapoishia na vumbi kuanza. Mguu wake mmoja ulivunjika tukauwekea matofali, kwa hiyo anayekaa upande huo hukaa kwa tahadhari, kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Birika la kahawa ni langu. Mimi ni mchora vibao, na siku hizi watu wanachapisha vibao vyao kwa mashine, basi nafasi ya kuchemsha kahawa ninayo tele. Juu yetu, tangu juzijuzi, kuna turubai jipya la manjano, manjano ya kukera kabisa, ambalo jua likilipiga linatupaka wote rangi ya kiini cha yai. Uliza basi turubai la rangi hiyo limepataje kibali hapa kijiweni. Limepata kwa sababu mwenye kibanda ametolewa nyongo.

Mwenye kibanda tunamwita Pingamizi. Jina tulimpa sisi, na siku tulipompa alilipinga. Ukimsalimia habari za asubuhi, anatazama juu kwanza kuhakikisha kama kweli ni asubuhi. Alibishana na maumivu ya mbavu za kulia akisema ni gesi. Akabishana na daktari aliyempiga picha ya tumbo akamwonyesha mawe ndani ya mfuko wa nyongo. Hata kitandani, akisubiri kupasuliwa, alibishana na mtu wa dawa ya usingizi mpaka dawa ikamkatiza katikati ya neno. Wakamtoboa matundu madogo madogo, wakautoa mfuko na mawe yake, wakaturudishia mtu wetu.

Siku za mwanzo alibisha kidogo, kwa mazoea tu. Halafu ubishi ukamkauka. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, watoto wako mbali, yeye analala chumba cha nyuma ya kibanda. Kwa hiyo watu wa kumtazama ni sisi, na sisi, nakuambia ukweli, tulikuwa tunasherehekea.

Mchana huo jua lilikuwa kali. Pingamizi alikaa upande wa matofali amevaa sweta, kiatu cha mtu magotini, sindano mkononi, na sindano haiendi. Upande wa mlangoni, ambao ni wake tangu benchi linanunuliwa, alikuwa amekaa Methali, karani mstaafu anayejua methali zote duniani na hajui hata moja inatumika wapi.

Methali: Jamani, mmeniona nilipokaa?

Breki: Tumekuona. Na bado una meno.

Huyo Breki ni fundi magari. Kwake yeye binadamu ni gari ambalo mtengenezaji alisahau kuliwekea boneti.

Methali: Ndiyo maana wahenga wakasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimekuja kwenye nafasi yake, yeye amepona.

Shangazi: Hiyo methali haimo humo kabisa.

Shangazi ni mshona nguo wa kibanda cha pili. Ni shangazi wa mtu fulani, ingawa huyo mtu hatujawahi kumwona.

Methali: Pingamizi, nimekaa mahali pako. Una la kusema?

Pingamizi: Sawa.

Methali: Mmesikia? Sawa! Mtu huyu aliwahi kunishtaki kwa mwenyekiti wa mtaa kwa sababu ya inchi mbili za benchi hili hili!

Breki: Mimi nilishawaambia. Hasira ya mtu inakaa kwenye nyongo. Wameing'oa hasira na nyumba yake.

Shangazi: Hasira inakaa kichwani, we.

Breki: Ya kwako labda. Ndiyo maana unavaa kilemba, uifunike.

Niliwagawia kahawa. Pingamizi akapokea kikombe chake kwa mikono miwili, akakishika tu. Zamani angesema imeungua. Au haijachemka. Kuna siku alisema yote mawili kwa kikombe kimoja.

Shangazi: Ngoja na mimi nijaribu bahati yangu. Fundi, lile koti nililokushonea, ukaniaibisha mbele ya wateja kwamba mkono mmoja mfupi. Unakumbuka?

Pingamizi: Nakumbuka.

Shangazi: Sasa sema. Koti ndilo lenye kosa?

Pingamizi alifikiri kidogo. Akanyoosha mikono yake miwili mbele, akaitazama.

Pingamizi: Mkono wangu ndio mrefu.

Kijiwe kililipuka. Breki alipiga paja lake mpaka kahawa ikamwagika, na Shangazi akasimama akajifuta machozi kwa pindo la kanga. Koti lile lilikuwa limewakosanisha tangu lishonwe, na sasa kesi imekwisha bila wakili.

Shangazi: Mungu awabariki wale madaktari. Mikono yao isipungukiwe.

Breki: Mimi ndiye nilimfuata siku anaruhusiwa. Mnajua nesi alinifanya nini? Kanishika mlangoni, ananihutubia. Asile mafuta mengi, vidonda visilowe, muwe mnaangalia macho. Nikamwambia, sista, mimi nimeanza kuendesha hujazaliwa, macho yangu hayabanduki barabarani!

Tukacheka tena. Pingamizi naye akatabasamu, akajikuna shingoni, akajikuna mkononi, akaingiza sindano ya kushonea viatu chini ya sweta akajikuna mgongo kwa tako la sindano.

Shangazi: Lakini mbona anajikuna hivyo?

Methali: Kikulacho ki nguoni mwako.

Shangazi: Ni sweta?

Methali: Wahenga hawakutaja sweta, lakini walikuwa na maana hiyo.

Shangazi: Na sweta lenyewe la nini na jua hili? Fundi, unasikia baridi?

Pingamizi: Kidogo.

Shangazi: Basi mimi najua. Nisikilizeni, hili ni la taaluma yangu. Chumba cha kupasulia kina baridi kama friji. Wanamtoboa mtu matundu, baridi inaingia. Halafu wanashona haraka haraka kabla hawajaitoa. Yaani wamemshona na baridi ndani!

Breki: Hiyo baridi itatoka lini?

Shangazi: Mpaka nyuzi zioze.

Methali: Haba na haba hujaza kibaba.

Hapo hakuna aliyeuliza. Ukimuuliza Methali anafafanua, na akifafanua jua linakuchwea.

Breki: Baridi si hoja. Hoja ni upepo. Wakipasua kwa matundu, kwanza wanakujaza upepo tumboni kama tairi, ili ngozi inyanyuke waone ndani. Hili si utani, daktari mwenyewe aliniambia. Sasa mtazameni anavyojishika bega. Tumbo limepasuliwa, bega linauma. Kwa nini? Upepo umepanda. Umekosa valvu ya kutokea.

Pingamizi alikuwa kweli amejishika bega la kulia. Alipoona tunamtazama akaliachia, kwa adabu, kama mtoto aliyekutwa na kidole puani.

Mimi: Linauma, Fundi?

Pingamizi: Hamna neno.

Mimi: Umepona lakini?

Pingamizi: Sawa.

Nikaridhika. Ningefanya nini? Nimemuuliza mtu, amejibu.

Breki: Na kuna jingine. Shangazi, ziba masikio.

Shangazi: Siyazibi.

Breki: Shauri yako. Asubuhi nilikuwa huko nyuma ya kibanda, na Fundi naye alikuwa huko nyuma ya kibanda. Mambo ya wanaume. Nikatupa jicho, bahati mbaya tu. Jamani, rangi ni kama ya hii kahawa.

Shangazi akaweka kikombe chake chini, polepole, akakisogeza mbali na mguu.

Breki: Msiogope! Hiyo ni dalili njema. Injini ikifunguliwa, oili ya kwanza inayotoka lazima iwe chafu. Mwili unajisafisha. Ingetoka safi ndiyo ningekuwa na wasiwasi.

Methali: Breki, wewe unaongea kama mtu asiyesoma. Suala hili ni la makazi. Nyongo ilikuwa na nyumba yake, ule mfuko. Nyumba imebomolewa. Je, mpangaji ameuawa?

Breki: Hajauawa.

Methali: Ini linaendelea kutengeneza nyongo kila siku, hata hospitali walisema. Sasa nyongo inatoka kazini, inarudi nyumbani, nyumba haipo. Itakwenda wapi? Inazurura! Leo kwenye ngozi, inamwasha. Kesho begani, inamuuma. Inapiga hodi kila mlango. Ndipo wahenga wakasema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Shangazi: Si kuna mrija wa kuipeleka kwenye utumbo?

Methali: Upo. Na kama kuna jiwe limebaki kwenye mrija?

Breki: Jiwe libaki, wameshatoa yote! Walimwonyesha kwenye kichupa. Alianza kuyahesabu, akawaambia wamekosea.

Methali: Mimi nasema kama.

Shangazi: Acha kutisha watu na 'kama' zako. Kunywa kahawa.

Nikiikumbuka sentensi hiyo ya Methali nasikia ubaridi. Katika maneno yote aliyosema tangu nimjue, hilo ndilo tulilopaswa kulisimamisha na kulisachi. Lakini mtu akishazoea kukosea hata akipatia mnamcheka, na sisi tulimcheka.

Shangazi: Nyie wote mmekosa. Huyu hajatolewa tu. Ametiwa nyingine.

Breki: Nyingine nini?

Shangazi: Nyongo! Fundi gani anatoa kiraka anaacha tundu? Mimi nikitoa mfuko kwenye suruali lazima niweke mfuko. Wodini alikuwepo mwalimu wa chekechea, mpole, hata chandarua alikiomba radhi kabla ya kukishusha. Niliona kwa macho yangu nilipompelekea uji. Wamepishanisha!

Breki: Toba!

Shangazi: Huyu kapata nyongo ya mwalimu. Na huko aliko, mwalimu anabishana na vitoto. Kitoto kinasema moja na moja ni mbili, yeye anakiambia, umehakikisha?

Tulicheka mpaka mpita njia akasimama kutazama. Pingamizi hakucheka. Alikuwa amefumba macho, ameegemeza kichwa ukutani. Methali akashusha sauti.

Methali: Amelala. Amani ya moyo hiyo.

Breki: Unajua, hii kitu ingefanywa lazima. Kila mkorofi atolewe. Mwenyekiti wa mtaa atolewe. Trafiki watolewe wote, kwa foleni.

Shangazi: Shemeji yangu atangulie. Bila ganzi.

Methali: Na kabla ya ndoa! Posa ikishakubaliwa, pande zote mbili zinakwenda kutolewa nyongo kwanza, ndipo watu wakae chini waongee. Mimi na marehemu baba mkwe tungeelewana sana.

Breki: Ngoja. Tumpime kwa kipimo cha mwisho. Fundi! Fundi, amka.

Pingamizi akafumbua macho.

Breki: Sikiliza. Soli ya tairi na soli ya ngozi. Ipi bora?

Hapo hata mimi nilishusha birika. Lazima uelewe: Pingamizi hajawahi kushona soli ya tairi maishani mwake. Wateja wamefukuzwa hapa na viatu vyao mkononi kwa kulitaja tu neno tairi mbele ya mlango. Babake alikuwa fundi wa ngozi, na babu yake vilevile. Akiigusa ngozi nzuri huinusa kwanza, amefumba macho, kama mtu anayenusa kichwa cha mjukuu.

Pingamizi: Ipi unapenda?

Breki: Napenda tairi.

Pingamizi: Sawa. Tairi.

Safari hii kicheko kilichelewa kidogo. Breki alianza kucheka, akatutazama kama tunamfuata, akaishia njiani. Shangazi alikunja uso. Nadhani pale pale mmoja wetu angeuliza jambo la maana, kama si mimi kuona upenyo wangu na kuruka nao.

Kwa maana mimi nami nilikuwa na kesi. Nilimchorea Pingamizi kibao kizuri, bluu kwa nyeupe, maneno FUNDI VIATU, na chini yake kiatu cha kike chenye kisigino. Akakikataa. Akasema nimemchorea samaki. Kikakaa nyuma ya mlango wangu, uso ukutani, na kila nikipita najisikia vibaya.

Mimi: Fundi, kile kibao changu.

Pingamizi: Kipi?

Mimi: Cha kiatu.

Pingamizi: Ndiyo. Kiatu.

Mimi: Umesema kiatu! Jamani, mmemsikia? Nikitundike?

Pingamizi: Kitundike.

Sikusubiri. Nilikwenda nyumbani nusu mbio, nikarudi na kibao, ngazi na nyundo. Breki akashika ngazi, Methali akasimamia kwa kutoa amri, juu kidogo, chini kidogo, ukiona vyaelea vimeundwa. Nikapigilia misumari kwa furaha ambayo sijaipata tangu nichore ukuta mzima wa shule. Nilikuwa bado huko juu aliposimama mama mmoja mtu mzima, mkoba begani, viatu vimejaa vumbi la safari.

Yule mama: Hamjambo hapa?

Methali: Shikamoo, mama. Karibu.

Yule mama: Marahaba. Namtafuta fundi viatu. Nimeelekezwa kona hii, lakini naona hapa wanauza samaki.

Nilimtazama kutoka juu ya ngazi. Kisogo kile, paji la uso lile, ule mdomo uliojikunja upande kabla haujafunguka. Sikuhitaji kuambiwa ni damu ya nani.

Shangazi: Ndipo hapa, dada. Wewe ni nani wake?

Yule mama: Mimi ni dada yake mkubwa. Nimesikia amepasuliwa, nikaona haiwezekani nisije. Yuko wapi huyo mbishi?

Breki: Yule pale, mama. Lakini si mbishi tena! Utampenda!

Dada mkubwa akainama, akachungulia chini ya turubai. Akatazama benchi zima, mtu mmoja mmoja.

Dada mkubwa: Mbona wote mna rangi ya maembe? Mdogo wangu, toka hapo nje nikuone.

Pingamizi: Sawa.

Alisimama kwa awamu mbili. Mara ya kwanza alirudi akakaa. Mara ya pili Shangazi akamshika kiwiko, wakatoka wote juani, na sisi tukawafuata, kwa sababu tulitaka kuona ndugu wanavyokumbatiana.

Nilikuwa juu, kwa hiyo niliona vizuri kuliko wote. Methali alipotoka chini ya turubai alirudi kuwa na rangi yake, ule weusi wake wa kung'aa. Kilemba cha Shangazi kikawa cheupe. Viganja vya Breki vikawa vyeusi kwa grisi, kama kawaida. Pingamizi alitoka juani akabaki vilevile alivyokuwa kivulini. Weupe wa macho yake ulikuwa manjano. Viganja vyake vilikuwa manjano.

Dada mkubwa alimshika kidevu akamgeuzia uso kwenye mwanga.

Dada mkubwa: Haya macho yamekuwa hivi tangu lini?

Methali: Ah, hilo ni turubai, mama. Linatupaka wote.

Dada mkubwa: Turubai liko wapi hapa?

Methali alitazama juu. Kulikuwa na anga tupu.

Dada mkubwa: Nawauliza nyinyi mnaoshinda naye. Tangu lini?

Shangazi: Juzi alikuwa… juzi turubai lilikuwa limeshatundikwa. Kabla ya juzi…

Akatutazama sisi tumalizie.

Breki: Yule nesi. Pale mlangoni. Aliponiambia tuangalie macho…

Dada mkubwa: Alisema mwangalie nini kwenye macho?

Breki aliifuta mikono yake kwenye suruali, akaifuta tena, ilhali grisi ile haijawahi kutoka kwa kufutwa.

Dada mkubwa akaninyanyulia uso mimi niliye juu ya ngazi, na mimi rangi ndiyo kazi yangu. Naweza kukutajia manjano za aina nyingi, ya ukungu na ya haradali na ile ya kuonya magari. Hiyo moja tu, ya macho ya rafiki yangu, sikujua ilianza siku gani. Nilikuwa nikimpa kahawa asubuhi na jioni, uso kwa uso, na sikujua.

Dada mkubwa alimwekea mdogo wake mkono shingoni, akautoa haraka.

Dada mkubwa: Mtoto wa watu anaungua, na amevaa sweta. Unakula?

Pingamizi: Nakula.

Dada mkubwa: Jana umekula nini?

Pingamizi alipeleka mkono chini ya mbavu za kulia, na dada yake alipopagusa palepale, juu ya sweta, kwa ncha za vidole tu, alijikunja na miguu ikalegea. Shangazi na Methali wakamdaka.

Dada mkubwa: Twende hospitali. Sasa hivi.

Tukamgeukia Pingamizi wote. Mara ya kwanza kumpeleka huko ilituchukua msimu mzima wa kumbembeleza, kumdanganya, mpaka kumfungia kibanda kwa nje. Tulisubiri aseme ni gesi. Aseme hospitali leo imefungwa. Aseme gari la Breki liliwahi kumwaga maji ya betri kwenye suruali yake, na yeye halipandi leo.

Pingamizi: Sawa, dada.

Breki alikwenda mbio kufuata gari, vikombe viwili vikapinduka njiani, na hakuna aliyeviangalia. Mimi nikateremka ngazi, nyundo bado mkononi, na hofu iliyonishika ilikuwa hofu ya kweli, ile ya mtoto anayesikia watu wazima wamenyamaza chumba cha pili. Nikamshika mkono rafiki yangu. Joto lake lilipita kwenye sweta.

Mimi: Bisha, bwana.

Akanitazama.

Mimi: Mwambie dada yako huendi. Niambie kibao changu ni samaki. Tukane. Bisha kidogo tu, hata neno moja, halafu ndiyo twende.

Alinitazama sana na yale macho. Alikuwa anajaribu, nilimwona anajaribu, midomo ikicheza, akilitafuta neno huko ndani kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Gari la Breki lilikuwa limeshafika nyuma yetu linanguruma, mlango umeshafunguliwa.

Pingamizi: Sawa.